Neno Lililobaki Mkia

Hotuba hii niliitoa Morogoro, mbele ya walimu wa Kiingereza wa shule za sekondari. Nimeinyoosha kidogo kwa ajili ya wasomaji. Vicheko nimeviacha ukumbini.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Na ninyi vijana wa mazoezi ya kufundisha mliokaa karibu na mlango, nimewaona.

Niliambiwa nichague neno moja la Kiingereza linalojulikana na kila mtu, niseme lina maana gani, linatumikaje na limetoka wapi. Nikaona kazi ndogo. Kumbe neno linalojulikana na kila mtu ndilo gumu, kwa sababu hakuna anayelitazama. Siku nne nilikaa na daftari tupu mezani. Siku ya tano neno likanikuta kituoni.

Ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi. Tulikuwa watu wazima kama sita, na wanafunzi wengi, sare zimepigwa pasi, mikoba mgongoni. Daladala ikaja. Haijasimama vizuri, konda ameshainua vidole viwili: "Wanafunzi wawili tu! Wawili!" Sababu mnaijua. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, na jioni hesabu ya tajiri haipungui kwa sababu ulibeba watoto. Wawili wakapenya. Mimi nikapishwa kwa heshima ya mvi. Gari lilipoondoka nikawaona waliobaki wakirudi kukaa ukutani, hata hasira hawana, wamezoea. Nikiwa pale ndani, kiwiko cha mtu ubavuni, nikakumbuka kwamba jina la chombo nilichopanda, ukilirudisha kwa waliolitunga, ni "kwa ajili ya wote".

Neno langu leo ni "bus".

Lina herufi tatu, na mtoto wa darasa la tatu analisoma. Ila muulizeni mwalimu yeyote wa Kiingereza shina la neno hili ni lipi, mtamwona anatazama dari. Nami nilitazama dari miaka mingi. Neno hili halina shina. Ni mkia mtupu.

Kwa Kilatini, "omnis" ni kila mmoja, na wakiwa wengi, "omnes", ni wote. Lugha ile ilikuwa na tabia ya kubadili mwisho wa neno kulingana na kazi yake katika sentensi. Sisi mambo yetu mengi tunayamaliza mbele: mtu, watu, kiti, viti. Wao waliyamaliza nyuma. Walipotaka kusema kitu ni cha kuwapa wote, au kimefanywa kwa ajili ya wote, "omnes" iligeuka "omnibus". Kile kipande cha mwisho, "bus", peke yake hakina maana ya gari, wala safari, wala watu. Ni kiambishi tu, kinachoonyesha kwamba kuna wengi wanaopewa kitu.

Ili mlione jambo hili kwa jicho la kwetu, chukueni neno "sokoni". Kateni "soko", mtupe. Bakini na "ni". Kisha mwambieni jirani: "Nipishe, nawahi ni." Mtapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Lakini Waingereza walifanya hivyohivyo mchana kweupe, na dunia nzima ikawafuata.

Sasa tujue ilikuwaje.

Wa kwanza kuweka magari ya farasi yenye njia maalumu na nauli moja katika mji mkubwa wa Ulaya alikuwa Blaise Pascal, yuleyule wa hesabu na kanuni ya mgandamizo mnayowafundisha watoto kwenye fizikia. Tarehe 18 Machi 1662, jijini Paris, magari yake yalianza kazi. Nauli ilikuwa soli tano, na ndivyo yalivyoitwa, magari ya soli tano. Neno "omnibus" halikuwepo bado, na ingekuwa uongo kulitumia, kwa sababu mahakama kuu ya Paris ilikuwa imekwisha kuwakataza kupanda askari wa kawaida, watumishi wa majumbani na vibarua. Pascal alifariki Agosti mwaka huohuo. Magari yakaendelea miaka kama kumi na mitano, kisha yakafa.

Ikapita karne moja na nusu. Katika mji wa Nantes, magharibi mwa Ufaransa, alikuwepo Stanislas Baudry, mtu aliyewahi kuwa afisa wa jeshi. Alikuwa na kinu kinachoendeshwa kwa mvuke, na maji ya moto yaliyobaki akaona asiyamwage. Akajenga nyumba ya kuogea. Tatizo, nyumba ile ilikuwa mbali na katikati ya mji. Basi mwaka 1826 akaweka magari ya farasi ya kuwachukua wateja mjini na kuwapeleka kuoga.

Baudry akagundua jambo ambalo konda yeyote wa stendi ya Msamvu angelijua siku ya kwanza. Watu walikuwa wanapanda, lakini wanashuka njiani! Kuoga walikuwa hawana mpango nako. Walichokitaka ni usafiri. Mwenzetu hakuwatukana. Aliziacha bafu zake akashika magari.

Jina je? Wenyeji wa Nantes husimulia kwamba gari lilikuwa linaanzia mbele ya duka la muuza kofia aitwaye Omnès, aliyekuwa amecheza na jina lake kwenye kibao cha duka: "Omnes Omnibus", yaani Omnès kwa wote, au wote kwa wote, utakavyopenda. Hakuna karatasi ya zamani inayothibitisha kibao hicho, na mimi kama mwalimu ninapaswa kuwaonya kwamba hadithi za asili ya maneno, kadiri zinavyokuwa tamu, ndivyo zinavyohitaji kushikwa kwa vidole viwili. Lisilo na ubishi ni kwamba magari yakaitwa "omnibus". Mwaka 1828 Baudry akayapeleka Paris kwa jina hilohilo. Hayakumtajirisha. Mwaka 1830, amezongwa na madeni, alijitoa uhai.

Kulikuwa na fundi wa Kiingereza, George Shillibeer, aliyefanya kazi Paris ya kutengeneza magari ya farasi. Aliporudi kwao akaja na wazo, na jina ndani ya mkoba. Tarehe 4 Julai 1829 gari lake lilianza kukimbia London, kutoka Paddington hadi Benki ya Uingereza, likivutwa na farasi watatu, ubavuni limeandikwa OMNIBUS kwa herufi kubwa. Nauli ya safari nzima ilikuwa shilingi moja. Fedha hiyo ilikuwa ya makarani na wafanyabiashara. Kibarua wa London aliendelea kwenda kwa miguu, akisoma "kwa ajili ya wote" likimpita.

Shillibeer naye alifilisika. Baadaye akageukia magari ya kubebea maiti, yenye nafasi ya jeneza na ya wafiwa humohumo. Biashara ile, nadhani, ndiyo pekee katika historia hii yote iliyotimiza kikamilifu maana ya neno la Kilatini.

Waingereza hawana subira na neno refu. Kufikia mwaka 1832 "omnibus" lilikuwa limeshakatwa na kuchapishwa likiwa "bus" tu. Waandishi waangalifu kwa miaka mingi waliweka ritifaa mbele yake ('bus), kama mtu anayeacha kigingi penye kiwanja ili watu wajue kulikuwa na nyumba. Ritifaa nayo ikang'oka. Mtu angetarajia wakate mkia wabakize kichwa, maana kichwa ndicho chenye "wote". Wao wakakata "wote", wakabaki na "kwa ajili ya". Ya nani? Neno halisemi tena.

Nitawarudisha kwenye swali hilo. Kwanza niseme kidogo kuhusu wingi wake, kwa sababu najua kuna mtu hapa amewahi kuulizwa na mwanafunzi. "Omnibus" tayari ni wingi, tangu Roma. Waingereza wakaifanya umoja, wakaipa wingi wa pili juu ya wingi: "omnibuses", "buses". Wajuaji wengine, kwa kusikia sauti ya "us" mwishoni, wakaigiza Kilatini wakasema "omnibi". Kilatini hicho hakijawahi kusemwa na Mlatini. Na mkikutana na "busses" yenye s mbili katikati msiifute haraka kwa wino mwekundu, maana Marekani kamusi zinaikubali. Ila mwambieni mtoto kwamba "buss", s mbili na bila e, ni neno jingine la zamani lenye maana ya busu.

Sasa nirudi kwa hao "wote".

Hadithi ya Montgomery, Alabama, mnaifundisha, kwa hiyo sitaisimulia upya. Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, tarehe 1 Desemba 1955, kisha watu weusi wakagoma kupanda mabasi kwa siku 381. Nitaongeza kitu kimoja tu ambacho vitabu vya kiada huruka. Mara nyingi abiria mweusi wa mji ule alilipa nauli kwa dereva mlango wa mbele, akateremka, akazunguka nje akapande mlango wa nyuma. Fedha ilipita mbele, mwenye fedha akapita nyuma. Na ilitokea dereva akaondoa gari kabla mtu hajaufikia mlango wa pili.

Kisa ambacho nataka mkichukue ni cha Uingereza kwenyewe, katika mji wa Bristol, kwa sababu pale neno lenyewe lilikuwa kizimbani. Mwaka 1963 mabasi ya Bristol yaliendeshwa na Bristol Omnibus Company. Sikilizeni jina hilo kwa masikio ya Kilatini: kampuni ya Kwa Ajili ya Wote ya Bristol. Kampuni ile ilikuwa haiajiri madereva wala makondakta weusi au wa asili ya Asia. Kijana mmoja kutoka Jamaika, Guy Bailey, aliombewa usaili kwa simu. Sifa alikuwa nazo na nafasi ilikuwepo. Walipojua ametoka wapi, usaili ukafutwa. Ndipo wanaharakati weusi, Paul Stephenson, Roy Hackett na wenzao, wakatangaza mgomo. Kuanzia tarehe 30 Aprili watu wao wakaacha kupanda, na wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana kuwaunga mkono. Chama cha wafanyakazi wa usafiri, ambacho mtu angedhani kingekuwa upande wa mnyonge, tawi lake la pale lilikuwa upande wa ubaguzi.

Kampuni ikasalimu amri tarehe 28 Agosti 1963. Siku hiyohiyo, ng'ambo ya bahari, Martin Luther King alikuwa amesimama Washington akihutubia ile hotuba ya ndoto. Tarehe 17 Septemba Raghbir Singh, Singasinga, akawa kondakta wa kwanza asiye mzungu wa mabasi ya Bristol. Tangu Baudry na maji yake ya moto hadi asubuhi hiyo ilikuwa imepita miaka 137. Wakati wote huo neno lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa gari. Nikifundisha tena leo, somo la asili ya neno ningelianzia Bristol, Roma ningeifikia baadaye.

Tupite haraka kwenye watoto na wajukuu wa neno hili, maana limezaa sana. Katika mikahawa ya Marekani "busboy" ni kijana anayekusanya vyombo mezani na kufuta meza. Hana uhusiano na kituo cha mabasi. Alikuwa "omnibus boy", mtumishi wa kazi zote. Mswada wa sheria unaobeba mambo mengi yasiyofanana huitwa "omnibus", na hata kitabu kinachokusanya vitabu kadhaa ndani ya jalada moja. Mafundi umeme wana kipande kirefu cha shaba ndani ya kabati la swichi, kinachogawa umeme kwa matawi yote, nacho huitwa "busbar", yaani pau la wote. Kutoka kwa mafundi umeme neno likaingia kwenye kompyuta, likawa jina la njia ya pamoja inayopitisha taarifa kati ya sehemu mbalimbali. Na kutoka hapo likatoka USB, iliyoanza mwaka 1996. Ile B ya mwisho ni hii "bus" tunayoizungumzia. Kwa hiyo mkichomeka chaji ya simu usiku, ule mkia wa Kilatini mnao mkononi.

Wanasheria nao wana mtu wao. Katika mahakama za Uingereza, kupima kama fulani amefanya uzembe, hakimu hujiuliza mtu wa kawaida mwenye busara angefanya nini. Mtu huyo walimpa makazi na usafiri: ni yule aliyepanda basi la Clapham, kitongoji cha kusini mwa London. Amekuwa akitajwa hukumuni tangu mwaka 1903. Waliosoma sheria hapa kwetu wanamfahamu kama shemeji. Ninachokipenda ni kwamba walipotafuta kipimo cha akili timamu hawakumchukua bwana mwenye gari lake la farasi.

Halafu kuna misemo. Kumtupa mtu chini ya basi ni kumtosa mwenzako ili wewe upone. Likizo ya mwendesha basi ni ile ambayo mtu anafanya kazi ileile ya kila siku, kama mimi hapa, mstaafu niliyekuja kupumzika kwa kufundisha walimu. Ila msemo wa kukaa nao zaidi ni "to miss the bus". Tarehe 4 Aprili 1940 Waziri Mkuu wa Uingereza, Neville Chamberlain, alikiambia chama chake kwamba Hitler amelikosa basi. Siku tano baadaye majeshi ya Hitler yaliingia Denmark na Norway. Mwezi uliofuata wabunge wakamzomea Chamberlain kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe 10 Mei akajiuzulu.

Tazameni sarufi ya msemo huo. Kwa Kiingereza mtu ndiye anayelikosa basi. Mtendaji ni mtu, na kosa ni lake: angeamka mapema. Sisi tunasema gari limeniacha. Mtendaji ni gari. Miaka yote darasani nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba "the bus left me" ni Kiswahili kilichovaa suti, nikiwakata alama. Bado nasema kwenye mtihani wasiandike hivyo. Lakini wale watoto niliowaona ukutani walifika kituoni kabla yangu. Hawakukosa kitu. Waliachwa.

Na Kiswahili chenyewe kililipokeaje neno? Liliingia na utawala wa Waingereza, na jijini Nairobi mabasi ya kampuni yalianza mwaka 1934. Tukalipa irabu ya mwisho, tukaliweka kwenye ngeli ya "ma": basi, mabasi. Kiambishi tamati cha Kilatini kilichokaa karne nyingi nyuma ya neno la watu sasa kina kiambishi chake mbele. Jirani zetu wa Rwanda husema "bisi", kwa sababu wao walilisikia kwa mdomo wa Mfaransa.

Lakini tulikuwa na "basi" nyingine nyumbani tayari, ile ya kunyamazisha watoto na kufunga mazungumzo. Mwaka wangu wa pili kazini mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliniuliza, "Mwalimu, basi ya kupanda na basi ya kusema imetosha ni ndugu?" Nilikuwa na haraka nikamjibu ndiyo, kwa sababu likijaa linatosha. Darasa likacheka, nami nikajiona mjanja. Nilimdanganya mtoto wa watu. Hiyo nyingine ni ya Kiajemi, ilitufikia kwa mdomo wa Waarabu wa Ghuba, na ilikuwepo pwani karne nyingi kabla Baudry hajachemsha maji. Hazina udugu wowote. Zimekutana kituoni tu.

Na pale magari ya mashirika yalipopungua na watu binafsi wakaleta yao, hatukutumia tena neno la mtu. Nairobi walilipa senti thelathini, yaani vipande vitatu vya senti kumi, gari likaitwa matatu. Dar es Salaam, miaka ya mwanzo ya 1980, nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mtaani iliitwa dala. Makonda wakaita "Dala! Dala!" na jina likabaki hadi leo, nauli imepanda mara ngapi sijui. Mfaransa wa Nantes aliliita gari lake kwa jina la watakaopanda. Sisi tumeliita kwa jina la nauli. Kati ya majina hayo mawili, la kwetu halijawahi kumwahidi mtu kitu. Ukiwa na dala, panda. Konda wa asubuhi ile, na vidole vyake viwili, hakuvunja neno lolote.

Nilikuwa na ukurasa mmoja zaidi kuhusu "minibus" na namna mkia unavyoendelea kuota vichwa vipya, lakini Mwenyekiti ananionyesha saa, na nimeletewa kikaratasi. Kinasema Coaster ya walimu wa Kilosa inaondoka saa tisa kamili, na wale mnaotarajia kukaa mbele mjue viti vya mbele vyote vimeshawekewa mikoba.